Taa Haijawaka, Twende Ukweni

Kijiwe cha Kashaulili kina benchi moja, birika moja la kahawa, na mafundi wengi kuliko gereji zote za Mpanda. Asubuhi hiyo Kasimiri alisimamisha kigari chake cheupe mbele ya benchi bila kuzima injini, na vikombe vikaanza kucheza juu ya ubao. Alikuwa kavaa suti. Ilibaki kumpakia shangazi yake Specioza, mshenga wake, wakampose Ernestine kule Inyonga. Na kwa vile mdomo wake haujui likizo, alishamwambia baba wa binti, Mzee Alois, kwamba posa yake haiji na basi, inakuja na gari la mwenyewe. Basi lilishaondoka alfajiri. Gari la mwenyewe ndilo hilo linatetemeka.

— Halina tatizo, — alisema Kasimiri kabla hajaulizwa. — Taa ya injini haijawaka. Gari la kisasa likiumwa linasema lenyewe.

— Mbona linanitikisa meno? — aliuliza Makoye, ambaye wote wanamwita Spana. Aliwahi kutengeneza trekta moja kule Mpimbwe, na trekta hilo halijasikika tena.

— Hiyo ni misuli, Spana. Injini kubwa, bodi ndogo.

Alisema hivyo kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni, ila kichwani alikuwa anaona pori lote la kwenda Inyonga. Likizimika huko katikati, shangazi na vitenge vyake atadandia lori la tumbaku, na Mzee Alois atazipata habari kabla hata lori halijafika.

Respicius aliweka kikombe chini. Huyo anaitwa Profesa, kwa sababu shule aliiacha darasa la tano lakini kufundisha hajaacha.

— Nyie sikilizeni. Hili gari limetoka Japani, si ndiyo? Limekulia kwenye lami. Leo unalirusha kwenye makorongo yetu. Linashangaa tu.

— Prof, lina mwaka hapa. Lishangae mpaka lini?

— Wewe ulivyofika Dar hukushangaa? Tuliambiwa uliikataa ngazi ya umeme, ukasema utapanda ikisimama.

Benchi zima likacheka. Kasimiri naye akacheka, ila kwa upande mmoja wa mdomo.

— Hapana bhabha, — alisema Spana. — Hii ni homa. Asubuhi linatetemeka, jua likipanda linatulia. Mtu akiwa hivyo tunasema ana nini?

— Malaria, — alijibu muuza kahawa huku akimimina.

— Umemsikia daktari. Na usiku umelilaza wapi? Pembeni ya mtaro. Dirisha umeacha wazi?

— Kidogo tu.

— Basi. Mbu wanaingiaga hapo hapo.

— Acheni uongo wa hospitali, — Profesa alidakia. — Ni woga. Si mnakumbuka alivyokutana na tembo kule hifadhini? Gari lilirudi nyuma lenyewe.

— Nilirudisha mimi.

— Ulikuwa unalia, Kasi. Umeufunika uso na viganja vyote viwili, utarudishaje gari? Lilijiokoa. Leo limesikia tena safari ya porini, ndiyo linatetemeka. Hata mimi ningetetemeka.

— Liambieni tunaenda kuposa, — alisema Spana. — Labda linafikiri linarudi kwa tembo.

Kasimiri alipiga kofi juu ya boneti.

— Taa haijawaka. Nirudie kwa Kisukuma?

Hapo bajaji ikasimama, akashuka Shangazi Specioza, kitenge kipya mpaka kichwani. Wote wakainuka kidogo kwenye benchi.

— Shikamoo shangazi.

— Marahaba wanangu.

Akazunguka, akafungua mlango, akaketi kiti cha mbele, akaweka pochi mapajani. Akaangalia pale nyuma ya usukani kwa muda.

— Kasimiri baba, mbona Mama Maria anang'aa?

Vichwa vyote vikaingia dirishani. Jumapili, gari lilipobarikiwa parokiani, mama yake Kasimiri alibandika stika ya Mama Maria juu ya kioo cha mishale, ili mwanawe amwone kila anapoangalia mwendo. Ule mwanga wa rangi ya chungwa Kasimiri alikuwa anauona tangu juzi. Alidhani baraka imeanza kufanya kazi.

Akainua ncha ya stika kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na kapicha ka injini, kanawaka vizuri kabisa.

— Nilijua, — alisema Profesa.

— Ulisema Japani.

— Nilikuwa nakuja huko.

Ndipo kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo mtu akafungua boneti. Spana akaegemea kiwiko ili achungulie vizuri, kitu kikalia *tak*, na injini ikatulia mpaka vikombe vikasimama. Spana hakusogea. Alikuwa hajui amebonyeza nini. Profesa akainama, akaona soketi ya koili, ile inayopeleka moto kwenye plagi, imerudi mahali pake.

— Nani kaosha injini hii mpaka soketi ikachomoka?

— Mimi, juzi, — alisema Kasimiri taratibu. — Kwa mpira wa maji. Nilitaka ing'ae, mkwe akifungua boneti.

— Nimemaliza kazi, — alisema Spana, akafuta mikono ambayo haikuchafuka.

Kasimiri akaingia garini, suti ikarudi kumkaa vizuri, akaanza kueleza kwamba yeye tangu mwanzo alihisi ni koili. Ila kale kapicha kalikuwa bado kanawaka.

— Katazimika kenyewe mkitembea, — alisema Profesa. — Kesho, keshokutwa.

Shangazi akashusha kioo, akawatazama wote kuanzia birika mpaka mwisho wa benchi.

— Sawa wanangu. Lakini Mzee Alois ni mtu wa kanisa, na lazima aombe kuzungushwa na hili gari. Akiniuliza Mama Maria wa mkwe wake anang'aa kwa imani au kwa ubovu, mimi mshenga nijibu nini?

Spana akamwangalia Profesa. Profesa akaomba kahawa nyingine. Kasimiri akatia gia, gari likaondoka laini, na walipokata kona ya soko shangazi alikuwa bado ametoa kichwa dirishani, anangoja jibu.