Dakika Arobaini za Owuor wa Katwe

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti karibu. Leo tunamkumbuka Joash Owuor Okinyi, fundi wa madirisha ya chuma wa mtaa wa Katwe, hapa Kampala, aliyetutoka mwezi wa Machi mwaka huu wa 2009. Wiki iliyopita niliwaahidi kwamba leo mtamsikia Owuor akizungumza. Naomba niseme mapema: sauti hiyo hatuna. Nitawaeleza kwa nini, hatua kwa hatua, kama yeye mwenyewe alivyopenda mambo yaelezwe.

Owuor alizaliwa Nyakach, Kenya. Alifika Kampala mwaka 1988, vita vikiwa vimekwisha na watu wanajenga upya. Nyumba nyingi hazikuwa na madirisha, na yeye alijua kuyatengeneza. Akapata kibanda Katwe, akamleta mkewe Phelister na binti yao wa pekee, Aluoch, aliyekuwa bado mdogo. Shuleni aliishia darasa la saba.

Mwaka 2004 binamu yake alimletea kutoka Nairobi mashine ndogo ya kurekodi ya kidijitali. Ilikuwa na njia nane, maana yake sauti nane zinaweza kuwekwa kila moja peke yake, kisha zikaunganishwa. Haikuwa na maelezo yoyote. Owuor alizunguka kwa wauza vitabu wa kando ya barabara mpaka akapata kitabu kinachofundisha kutengeneza studio nyumbani. Kurasa mia mbili na kumi na mbili, zote kwa Kiingereza. Akanunua kamusi na madaftari. Kila jioni baada ya kazi alitafsiri ukurasa mmoja kwa Kiswahili. Hakuruka hata mmoja. Ilimchukua karibu miezi minane, na madaftari matano.

Kitabu kilisema: chagua mahali patulivu. Nimeuona ukurasa huo katika daftari la kwanza. Ametafsiri vizuri, na pembeni ameandika: "Hapapo. Patengenezwe."

Akapatengeneza. Alitundika magodoro ya nyumba nzima ukutani. Phelister anasimulia huku akitikisa kichwa: "Wiki mbili tulilala juu ya mkeka. Nikamwambia, Baba Aluoch, magodoro yako yanasikiliza kwaya, na mgongo wangu nao unasikiliza sakafu. Akasema vumilia, tuko ukurasa wa hamsini."

Lakini magodoro hayazuii kelele za Katwe. Pale nyundo hazilali na mashine za kuchomelea haziishi kulia. Basi Owuor alisimamisha mti juu ya bati la nyumba. Akitaka kurekodi, anapandisha kitambaa chekundu, na kuwaomba majirani wapumzike kidogo. Siku za kwanza walimcheka. Aliyepiga kelele zaidi ni Saverio Odur, mchomeleaji wa jirani, mwanajeshi wa zamani kutoka kaskazini.

"Wewe Owuor! Unasimamisha Katwe yote juu ya kwaya?"

"Dakika nne tu, jirani."

"Dakika nne za jana zilikuwa nusu saa!"

"Mwimbaji alikohoa."

"Basi mupe dawa, mimi nina geti ya watu hapa!"

Owuor hakubishana. Alimwita Saverio ndani, akamkalisha mbele ya maikrofoni, akamwambia atume salamu kwa mama yake, aliyekuwa kambini huko Kitgum kwa sababu ya vita. Akaziweka kwenye kaseti, maana mama alikuwa na redio ya kaseti. Saverio ananiambia: "Mama alisikiliza mpaka mawe ya redio, zile betri, yakaisha. Tangu siku hiyo, kitambaa kikipanda, mimi ndiyo polisi. Mtu akigonga nyundo, anagombana na mimi."

Ndivyo studio ya Owuor ilivyoanza. Kwaya za Lubaga zilikuja. Wake wa askari wa kambi ya Mbuya walikuja kutuma salamu. Wakenya wenzake walikuja kuwaimbia wazazi waliowaacha nyumbani. Alirekodi sauti za watu wengi. Ya kwake hakuirekodi. Alisema mtu mmoja hawezi kukaa mbele ya maikrofoni na wakati huohuo akakaa mbele ya mashine.

Mimi nilimfahamu mwaka 2006. Alikuja hapa studio ya redio na daftari lake, akavua kofia, akaangalia vyombo vyetu kimoja kimoja. Kisha akauliza swali moja: "Ninyi mnajuaje kwamba inashika?" Nikamwonyesha taa. Nikamwambia, taa ikiwaka na kuzimika, mashine inasubiri tu. Ikitulia, inashika. Akatabasamu. "Hata yangu iko hivyo," akasema. Alilijua jambo hilo vizuri sana, wasikilizaji. Naomba mlikumbuke.

Mwishoni mwa mwaka jana alianza kukwaruza sauti. Mwezi wa Januari madaktari wakamwambia ana uvimbe kooni, na ili aishi, kisanduku cha sauti kitaondolewa. Akapewa tarehe. Na Aluoch, ambaye ni muuguzi kule Jinja, alikuwa tayari ameposwa. Harusi ilipangwa Agosti. Owuor akafanya hesabu yake ya utulivu. Siku ya harusi atakuwepo, lakini hatakuwa na sauti. Basi maneno ya baba yatarekodiwa kabla, na Agosti yatachezwa mbele ya wageni.

Mtu wa kukaa mbele ya mashine alikuwa Phelister. Hakuwahi kuigusa. Owuor alimwandikia kadi yenye hatua kumi. Hatua ya saba inasema: "Bonyeza kitufe chekundu. Taa nyekundu itawaka." Hatua ya nane: "Nipe ishara kwa mkono, kaa kimya, uiangalie taa."

Mchana wa siku moja kabla ya kulazwa, kitambaa kilipanda. Katwe ikanyamaza. Owuor alikaa upande mmoja wa blanketi lililotundikwa, Phelister upande wa pili, hedifoni masikioni. Akabonyeza kitufe chekundu. Taa ikawaka. Akanyoosha mkono. Owuor akazungumza dakika arobaini, kwa Kijaluo, kwa sauti iliyokuwa inamwishia. Saverio anasema hakuna aliyegusa nyundo. Hata wateja walisimama.

Kisha Phelister akatoka kupanga begi la hospitali, na Owuor akabaki na mashine.

Upasuaji ulifanyika. Aliishi wiki saba, akiandika kwenye karatasi. Wageni walipokuja, Phelister aliwaambia, "Msihuzunike, sauti yake iko ndani ya mashine." Na Owuor alikubali kwa kichwa. Aluoch aliomba asikie kidogo tu. Baba akaandika: "Siku ya harusi."

Akafariki. Akazikwa Nyakach.

Jumanne ya wiki hii Phelister na Aluoch walikuja hapa na mashine ndani ya sanduku la nguo, imefungwa kwa taulo. Walitaka tutoe kipande kifupi kwa ajili ya kipindi hiki. Niliiwasha. Nilitafuta njia ya kwanza, ya pili, mpaka ya nane. Kwaya zipo. Salamu zipo. Rekodi ya Januari haipo. Nikatafuta tena. Nilikuwa nimewapa mgongo, na sikujua nigeuke na uso gani.

Phelister akasema, "Bonyeza hicho chekundu, mwanangu. Mimi nilibonyeza hicho." Akanipa kadi.

Nilibonyeza. Taa ikaanza kuwaka na kuzimika. Kuwaka na kuzimika. Phelister akashangilia: "Ndiyo! Ilikuwa hivyohivyo!"

Wasikilizaji wapendwa, mashine ile hutaka vitufe viwili. Baada ya chekundu unabonyeza cha kuanzisha, ndipo taa inatulia. Kwenye kadi hakimo. Kutoka hatua ya saba kwenda ya nane, pale katikati, hakimo. Phelister alifanya kila kitu kama kilivyoandikwa. Na aliyeandika ni mtu ambaye kwa miaka minne vidole vyake vilibonyeza vile viwili pamoja bila yeye kufikiri.

Nililazimika kuwaambia. Aluoch alikuwa ameshika daftari la tano, lililokuja pamoja na mashine. Akalifungua mwishoni, kwa mara ya kwanza, akasoma mistari aliyoandika baba yake mchana uleule wa kurekodi. Naisoma kwa ruhusa ya familia:

"Haikushika. Kosa ni langu, kwenye kadi sikuandika. Nimejaribu tena peke yangu. Sauti haitoki. Phelister asiambiwe."

Kisha Aluoch akamshika mama yake mkono. "Mama, wewe ulikuwa na hedifoni. Ulimsikia. Alisema nini?"

Phelister akamgeukia. "Mwanangu, nilikuwa naangalia taa."

Alikuwa akiangalia taa. Dakika arobaini, asikosee. Anakumbuka Owuor alitaja viatu vya kwanza alivyomnunulia Aluoch, vyote vya mguu wa kushoto, akacheka mpaka akakohoa. Mengine yamempita.

Jana nilikwenda Katwe. Aluoch alimwomba mama yake asimame mbele ya maikrofoni aseme lolote linalomjia, hata kama ni viatu tu. Wakapandisha kitambaa, kwa mara ya kwanza tangu Januari. Nyundo zikasimama moja baada ya nyingine. Nilibonyeza vitufe viwili. Nilihakikisha taa imetulia.

Kwa Mama Aluoch, kwa Aluoch, kwa ndugu wote wa Nyakach na majirani wa Katwe: tunawapa pole, tukijua pole yetu ni ndogo. Na wewe unayesikiliza, kama yupo mtu ambaye leo anazungumza nawe nyumbani kwako, acha unachokiangalia kwa kitambo. Msikilize.

Sasa nawapa rekodi ya jana kama ilivyo. Hamtamsikia Owuor. Mtasikia Katwe iliyotulia, na Phelister akivuta pumzi. Baada ya muda mtamsikia Saverio akiita kutoka nje, kwa upole: "Mama Aluoch, bado?"

Naye atajibu: "Bado kidogo."