Jeneza Katika Nyumba Isiyo na Paa

Ndugu zangu, namsifu Bwana kwa sauti ndogo, maana kubwa sina tena.

Nilitoka Kalenga kuja Mbeya kutafuta kazi. Nikanunua nyumba kwa fundi mmoja, muumini mwenzetu, aliyekuwa akijenga nyumba za kuuza. Nilimlipa yote. Tulipatana mbele ya balozi wa nyumba kumi kwamba atanikabidhi kabla ya mvua. Kuta zikasimama, lakini mabati akawauzia watu waliokuwa wakijenga reli.

Mvua zikaja, zikapita, zikaja tena. Mke wangu alikuwa akikohoa katika chumba cha kupanga. Kila nilipomfuata fundi aliniambia, "Nyumba haikimbii, bwana."

Nilitaka kumshtaki. Mzee wa kanisa akanizuia: "Waliookoka hawapelekani mahakamani, baba. Omba."

Tukaomba. Mke wangu akaniambia, "Baba watoto, sitaki mengi. Nikifa, nitolewe kwenye mlango wangu."

Akafa. Mwenye nyumba tuliyopanga akasema msiba usikae kwake. Tukampeleka ndani ya kuta zetu, tukaliweka jeneza juu ya matofali. Mvua ikalipiga. Akina mama waliimba wakiwa wamelowa. Tukamtoa penye uwazi wa mlango, maana mlango haukuwepo.

Ndugu zangu, baada ya mazishi nilinoa panga. Sifichi. Mzee yule wa kanisa akanikuta nalinoa, akaketi kando yangu.

"Liweke chini," alisema. "Nilikosea kukuzuia. Kesho twende kwa balozi, kisha mahakama ya mwanzo. Nitasema niliyoyaona."

Mbele ya hakimu fundi alijitetea kwamba mabati yameadimika. Mzee wa baraza aliyeketi pamoja na hakimu, Msafwa mmoja, akamtazama. "Kwa watu wa reli hayakuadimika?"

Balozi akayashuhudia mapatano yetu, na mzee wa kanisa akasema aliyoyaona. Hukumu ikatoka: amalize nyumba kwa muda aliopewa, la sivyo fundi mwingine aimalize kwa gharama yake, tena anirudishie kodi ya chumba kwa muda wote aliochelewa.

Akamaliza. Panga lile nililitumia kufyeka majani ya kiwanja.

Bwana aliniokoa nisiwe muuaji, na njia aliyonipitisha ni ya mahakamani. Nyumba sasa ina mlango wa mninga. Kila asubuhi naufungua, nasimama kando kidogo, kama mtu anayempisha mwingine.

Mtumainini Bwana, ndugu zangu. Ukizungushwa, omba, kisha umwone balozi siku hiyohiyo. Usingoje jeneza.