Matundu Hamsini na Matatu ya Venanti

Kijiwe chetu hapa Kasulu ni benchi moja linaloyumba mbele ya duka la Saady, na buli la kahawa la Isihaka likichemka pembeni. Barazani, nyuma ya migongo yetu, Adija hushona kwa cherehani. Mwaka huo, tisini na sita, fundi redio wetu Venanti aliiahidi kwaya ya Titye amplifaya ya mkono wake mwenyewe, maana mwaka uliotangulia wenzao wa Kibondo walikuja na spika, na wetu wakaonekana wanachezesha midomo tu. Tamasha la kwaya lilikuwa Jumapili, na hii ilikuwa Ijumaa. Kibao cha saketi, chenye ngozi ya shaba, kilishachorwa njia za umeme kwa rangi ya kucha ya mkewe, na dawa ikala shaba isiyopakwa. Yalibaki matundu themanini na manne ya kupitishia miguu ya transista na wenzake. Alitoboa thelathini na moja, biti yake nyembamba ya kutobolea ikavunjika. Kibao kingine hakuwa nacho.

Venanti: Saady anayo hii tu. Nimeijaribu pembeni, oneni wenyewe.

Ilikuwa biti ya seremala, ya kutobolea milango. Tundu lilikuwa pana mno, limekula shaba yote ya kuchomelea.

Omary, tunayemwita Profesa kwa sababu alifundisha muhula mmoja, akakohoa.

Profesa: Unang'ang'ania chuma bure. Tafuta mwiba wa nungunungu.

Huyo aliyemrukia ni Ndayikunda, tunayemwita Stesheni kwa kuwa, kama stesheni ya redio, hazimi.

Stesheni: Mwiba utoboe shaba? Kwani ulifundisha somo gani wewe?

Profesa: Siasa.

Stesheni: Ndiyo maana. Chukua msumari, pasha uwe mwekundu, choma.

Venanti: Oya, kitaungua chote.

Stesheni: Basi nenda kwa daktari wa meno. Anatoboa jino la mtu hai, kibao kitamshinda?

Hilo lilikuwa na akili kidogo, ila daktari wa meno yuko Kigoma, na barabara ilikuwa tope tupu.

Isihaka: Mchwa.

Tukamgeukia wote.

Isihaka: Mnashangaa nini? Mlango wangu wameutoboa vitundu vidogo, vyote sawasawa. Paka sukari kwenye kila alama, kilaze juu ya kichuguu, kesho unakuta kazi imekwisha.

Profesa: Na wakinogewa?

Isihaka: Unawafukuza.

Venanti hakucheka. Aliniegemea, akasema taratibu, "Mama yangu anaimba kwenye kwaya ile. Nilimwambia mwaka huu watamsikia." Nilimwonea huruma, na niliona aibu kwa ajili ya kijiwe kizima.

Hapo cherehani ikanyamaza. Sindano ilikuwa imevunjika kwenye turubai. Adija akaichomoa, akaitupa kwenye kopo lake, ikadunda ukingoni na kuangukia mguuni kwa Venanti. Venanti akaiokota. Akailinganisha na mguu wa transista, akarudia tena.

Venanti: Dada Adija, unazo nyingine zilizovunjika?

Adija: Kopo zima.

Venanti aliinoa kwenye jiwe la kunolea kisu la Isihaka mpaka ncha ikawa bapa kama patasi ndogo. Akaiunga kwa kipande cha mrija wa kalamu kwenye mota ya redio kaseti, akaweka betri nne. Tundu la kwanza likatoka, shaba nzima. Tukaanza kuhesabu kwa sauti. Sindano sita zilikatika na kopo halikuisha. Tulipotaja hamsini na tatu, tulisimama kwa pamoja, benchi likapinduka, na Profesa akamkumbatia Stesheni, jambo ambalo sikulitegemea maishani.

Jumamosi mchana amplifaya ilikuwa juu ya benchi, imeungwa kwenye spika na betri ya gari. Venanti akampa Adija maikrofoni awe wa kwanza kuijaribu.

Adija: Jana kutwa mlinipa mgongo, na kopo la sindano liko hapa. Mbona hakuna aliyeniuliza?

Sauti ilivuka barabara ikaingia sokoni. Wauza maharage wakatugeukia, wakingoja jibu. Profesa akachungulia ndani ya buli. Stesheni alikuwa kazimika. Venanti yeye alikuwa anacheka huku anajifuta machozi, kwa sababu kila neno lilikuwa limesikika.