Elinaza Philemoni Kaaya na Kikao cha Alhamisi, 1968–2025

Elinaza Philemoni Kaaya alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Machi 1968, saa tisa alasiri, katika hospitali ya Nkoaranga. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watano wa Mzee Philemoni Kaaya, mkulima wa kahawa, na mkewe Mama Ndeshi. Alibatizwa mwaka huohuo katika usharika wa Nkoaranga.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1982 na kidato cha nne mwaka 1986. Mwaka 1990 alihitimu stashahada ya maendeleo ya jamii katika chuo cha Tengeru. Walimu wake walimkumbuka kwa jambo moja: baada ya mtihani hakuuliza amepata ngapi, aliuliza amekosa wapi.

Jumamosi, tarehe 19 Desemba 1992, alifunga ndoa na Abdiel Mbise, fundi wa magari, wakaanza maisha Sakina, karibu na gereji. Abdiel anasema wake za mafundi wenzake waliwauliza waume zao wameingiza nini. "Wangu aliniuliza, 'Baba Brightness, leo umeharibu nini?' Nikisema sijaharibu kitu, ananiambia basi hukufanya kazi." Walijaliwa watoto wawili, Brightness na Frederick.

Baada ya miaka kumi na miwili ya utumishi wa serikali, mwaka 2004 aliajiriwa na Kisima cha Sipora, shirika la misaada la Kiyahudi lililokuwa likichimba visima na kuvuta maji ya bomba vijijini. Hakuwa Myahudi na hakuwahi kuwa. Alizoea kusema kwamba waajiri wake walimfundisha kuwa kutoa ni haki ya anayepokea, si huruma ya anayetoa, na kwamba mengine yote alijifunza kwa kujikwaa.

Kujikwaa kwenyewe kulikuwa Jumamosi, tarehe 6 Septemba 2008. Bomba la kijiji kimoja cha magharibi ya Mlima Meru lilikuwa tayari kuzinduliwa. Elinaza alichagua Jumamosi kwa sababu Jumapili watu wangekuwa kanisani. Makao makuu aliwaandikia "mwisho wa wiki", nao wakaelewa Jumapili. Asubuhi alipofika hotelini na gari, wageni watatu wa makao makuu walimweleza kwa upole kwamba ni Sabato, hawapandi gari mpaka nyota zionekane. Kijijini watu mia tatu walikuwa wamekaa na ng'ombe amekwisha kuchomwa. Akampigia simu mwenyekiti, Mzee Yiamat.

"Mama, wageni wako wapi? Nyama imeiva."

"Hawaji leo, baba. Ni Sabato yao."

"Kumbe ni Wasabato?"

"Ni Wayahudi, baba."

"Wale wa kwenye Biblia? Bado wapo? Sasa wewe unakula mshahara wao mwaka wa nne, hujui siku yao ya kupumzika?"

Nyama ililiwa bila wageni, na maji yalifunguliwa kesho yake mchana. Wiki iliyofuata Elinaza alimsimulia aibu hiyo Naserian, aliyesimamia ufadhili wa wasichana katika shirika jingine la Kiyahudi. Naserian akacheka mpaka akakaa chini. Yeye aliwahi kuwapikia wageni wake nyama kwa mtindi, vitu ambavyo dini yao haivichanganyi, na alikuwa ameificha siri hiyo miaka miwili.

Hapo ndipo kilipoanza Kikao cha Alhamisi. Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, saa kumi jioni, wafanyakazi wa mashirika na mifuko ya Kiyahudi walikutana katika chumba cha kukodi Levolosi kufundishana kazi: kupanga ratiba kwa kalenda ya watu wengine, kumwambia mfadhili hapana bila kumpoteza, kuandika taarifa ambayo mwanakijiji akisomewa hataikana. Kanuni zilikuwa tatu. Anayefungua huanza na kosa lake mwenyewe. Wakurugenzi hawaingii. Linalosemwa ndani halitoki. Walianza watu tisa, na kufikia mwaka 2019 walikuwa thelathini na wanne, wengine wakitoka Moshi na Babati.

Kanuni ya tatu ilivunjwa na Elinaza mwenyewe. Aliagiza jambo hili lisiachwe katika wasifu wake, na Kisioki ameruhusu jina lake lisomwe. Kisioki, afisa miradi, alikuwa ameungama kikaoni kwamba mvua ilisomba daraja, mbuzi themanini wa wajane hawakufika, naye kwa hofu akampelekea mfadhili picha za mbuzi wa kijiji jirani. Mwezi uliofuata, Oktoba 2019, Elinaza alialikwa kuzungumza kwenye semina ya wakurugenzi, akakitoa kisa hicho kama mfano. Hakutaja jina, ila alitaja daraja, na alitaja idadi ya mbuzi. Mkurugenzi wa Kisioki alikuwa ukumbini. Siku tatu baadaye Kisioki hakuwa na kazi, na nyumba aliyokuwa akiijenga ilikuwa bado kuta tupu.

Alhamisi ya kwanza ya Novemba Elinaza alifungua kikao.

"Mwenye kosa leo ni mimi. Nimetoa neno la mtu nje."

"Kwa nini, dada?" Naserian aliuliza.

"Watu walikuwa wanacheka. Nikaona nina hadithi nzuri."

Kikao kilichofuata walikuja watatu. Elinaza hakukifunga. Aliandika barua ya kumtetea Kisioki kwa mashirika sita, na la sita, mfuko wa Kiyahudi wa elimu, lilimwajiri mwaka 2021. Watu walirudi taratibu, lakini walisema makosa madogo tu, ya tarehe na ya chai. Mazito walibaki nayo. Kisioki hakurudi.

Januari 2025 Elinaza aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Baada ya matibabu ya miezi mitatu aliomba kukaa nyumbani Nkoaranga. Jumapili, tarehe 11 Mei, Kisioki alipanda kuja kumwona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kunisamehe au kuniaga?"

"Nimekuja kuuliza nani atashika kikao."

"Wewe."

"Mimi niliyefukuzwa kwa ajili yake?"

"Wewe unajua neno likitoka linakula nini. Mwingine itabidi ajifunze kwa mgongo wa mtu."

Kisioki alisema atafikiri. Kuhusu msamaha hakusema, naye Elinaza hakumuuliza tena. Alifariki Ijumaa, tarehe 23 Mei 2025, saa moja asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba. Jibu lilikuwa halijafika.

Marehemu ameacha mume, Abdiel, watoto wawili, Brightness na Frederick, wajukuu wawili, mama yake mzazi, Mama Ndeshi, na ndugu wanne, akiwemo kaka yake Eliya anayesoma wasifu huu. Mungu aliyempa kazi ampe na mapumziko yake.

Jana jioni Kisioki alifika msibani na kumwomba Abdiel funguo za chumba cha Levolosi. Kikao kinachofuata ni Alhamisi, tarehe 5 Juni 2025, saa kumi jioni. Kisioki atafungua.