Wiebren Haitsma na Ule Ukimya wa Darajani

Ijumaa ya tarehe 26 Septemba 2025, saa tisa alasiri, Wiebren Haitsma atazima mitambo yake na kustaafu, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kutengeneza na kupiga muziki wa transi. Saa tisa ni saa tisa. Kahawa itamiminwa saa tisa na robo, na atakayefika baada ya hapo atakuta makombo ya keki na viti vimejaa. Msinilaumu mimi, mstaafu ndiye aliyeagiza hivyo.

Mimi ni Gerbrich Postma, fundi wake wa sauti tangu mwaka wake wa pili hapa studio, mjini Harlingen. Wenzangu wameniangushia kazi ya kuandika haya kwa sababu, wanasema, nimemvumilia kuliko mtu yeyote. Ni kweli. Medali sidai, lakini kiti kisicholia kila nikigeuka ningekipokea kwa mikono miwili.

Kwa wageni wasioujua muziki wenyewe, maana shangazi zake wote wamethibitisha kufika: transi ni muziki wa mashine. Mdundo ni uleule, unapanda taratibu mpaka roho inakaribia kutoka, kisha unakatika, watu wanabaki mikono juu wakisubiri, halafu unarudi kwa kishindo na ukumbi mzima unaruka. Hakuna anayeimba. Shangazi Hinke aliwahi kukaa hadi mwisho wa onyesho zima, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwimbaji wenu alipatwa na nini, mwanangu? Anaumwa?"

Wiebren alianza maisha akiwa fundi baiskeli katika mji jirani wa Franeker. Jioni alikuwa akipiga sahani za santuri kwenye mabanda ya wakulima, ambako harufu ya ng'ombe ilikuwa haiishi na wacheza dansi walikuwa wakivaa mabuti ya mpira. Kutoka hapo akaenda Rotterdam, Ibiza, Tokyo, São Paulo. Amesimama mbele ya umati usioonekana mwisho, akarudi nyumbani na malalamiko kwamba kahawa ya kule ni ya moto mno.

Hajabadilika hata chembe. Popote alipokwenda alibeba kopo lake la bati lenye mikate ya jibini, kipande kimoja cha jibini kwa kila mkate. Ibiza waandaaji walimtandikia meza ya kamba wa baharini na matunda ambayo hata majina yake hatukuyajua. Akawashukuru sana, akafungua kopo lake, akala, akalifunga. Meneja wa hoteli alikuja kuniuliza pembeni kama wamemkosea nini bwana mkubwa. Nikamwambia, "Kaka, hapo ndipo ameshafurahi."

Kisa cha Mbrazili lazima nikiseme. Mwandaaji mmoja wa matamasha kutoka São Paulo alikuja kututembelea, akaingia chooni, akatoka amenuna. Kahawa hakuigusa. Mwishowe ikamtoka: "Nimewaleta kwetu nikawatunza kama ndugu zangu, nyinyi jina langu mmelitundika chooni?" Ilituchukua muda kumwelewa. Kwetu kalenda ya siku za kuzaliwa hutundikwa chooni, ingekuwa wapi tena? Ndipo mtu anapokaa kwa utulivu akaisoma. Wiebren akamwonyesha kwamba yupo hapo kati ya mama yake Wiebren na daktari wake wa meno, yaani kati ya watu asiotaka kuwasahau. Mbrazili akacheka hadi akatoa machozi, na mpaka leo kila tarehe yake ya kuzaliwa hutupigia simu yeye, kuhakikisha kwamba bado ananing'inia.

Sasa tuje kwenye tuta. Kila wimbo uliotoka mikononi mwa Wiebren ulipimwa kwa njia moja: tunaurekodi, tunaingia kwenye gari, tunaendesha kwenye lile tuta refu lililojengwa kuzuia bahari, maji kushoto, maji kulia, barabara imenyooka mbele. Wimbo ukikufanya usahau kwamba upo kwenye tuta, umefaulu. Ukikufanya uanze kuhesabu nguzo, unarudishwa studio. Nimekaa kiti cha abiria kwenye safari hizo kwa ujana wangu wote, na nyimbo zilizofeli ni nyingi kuliko mnavyodhani.

Mwishoni mwa tuta pana daraja linalofunguka kupitisha boti, na mlinzi wa daraja hilo wakati ule alikuwa Mzee Tjeerd Haitsma, baba yake mzazi. Hapa niseme wazi jambo ambalo kila mtu hapa studio analijua. Kumbi zote hizo Wiebren alizishinda. Aliyemshinda ni baba yake. Kila siku ya kuzaliwa, viti vikishapangwa duara na kila mtu akishampongeza kila mtu, Mzee Tjeerd alikuwa akishika sahani yake ya keki, anamtazama mwanawe, anauliza mbele ya ukoo mzima, "Haya. Na kazi utapata lini?"

"Ninayo kazi, Baba."

"Mimi nauliza kazi."

Basi duara lote linaangalia keki. Wiebren alikuwa akicheka kama wengine, lakini kwenye gari wakati wa kurudi alikuwa haongei, na mimi nilikuwa naumia kwa ajili yake. Alichokuwa akikitaka ni kidogo sana: baba yake akiite kile anachokifanya kazi, mara moja tu, hata kwa bahati mbaya.

Mwaka 1998 tulikuwa tukipima wimbo mpya. Mdundo ulikuwa ndio kwanza umekatika, vinanda vinapanda, mara taa nyekundu ikawaka na daraja likafunguliwa mbele yetu. Pale pana kibao kinachosema ukisimama zima injini. Mtu mwingine angeacha injini inanguruma, wimbo unaendelea. Wiebren akazima, kwa sababu kibao kimesema. Na lile gari lake bovu lilikuwa ukizima injini, na redio inakufa.

Tukakaa kimya. Boti ikapita. Daraja halikufungwa. Tukaendelea kukaa. Nilisikia upepo, nikasikia tumbo la Wiebren. Nyuma yetu lori la samaki likapiga honi. Hatimaye daraja likafungwa, Wiebren akawasha injini, kaseti ikaendelea palepale ilipokatika, na sekunde hiyohiyo mdundo ukarudi. Nilipiga kelele kama mtu aliyemwagiwa maji. Wiebren akageuza gari, akarudi studio, akauweka ule ukimya ndani ya wimbo, urefu wake wote, bila kupunguza.

Wimbo huo ndio "Daraja Wazi", na yaliyofuata mnayajua. Mtangazaji mmoja wa Ujerumani alidhani mitambo ya redio imeharibika, akafungua maikrofoni kuwaomba radhi wasikilizaji, na katikati ya samahani mdundo ukamrukia. Rotterdam mlinzi wa ukumbi aliamini umeme umekatika, akaanza kuwaelekeza watu mlangoni. Watu wetu kwa utii wakaenda kuchukua makoti yao. Mdundo ulipowarudia walicheza na makoti hayohayo mpaka wakaloa jasho.

Wataalamu nao waliandika. Mmoja alisema ukimya ule ni kifo, mwingine akasema ni upweke wa binadamu wa leo. Mwandishi wa gazeti alimfuata Wiebren hadi hapa kumuuliza unamaanisha nini.

"Daraja," akasema Wiebren.

"Kati ya nafsi na ulimwengu?"

"Hapana, bwana. Daraja. Magari yanasimama, boti zinapita."

Swali moja tu hakuwahi kulijibu, kwa kuwa hata yeye hakujua jibu: boti ilikuwa imeshapita, sasa daraja lilikuwa linangoja nini?

Mwaka jana sikio lake la kushoto lilianza kupiga filimbi, na halijaacha. Daktari alimwambia apumzike. Wiebren anasema kelele yenyewe angeizoea, kinachomuudhi ni kwamba filimbi ile haiendani na wimbo wowote aliowahi kutunga. Akaamua kutengeneza wimbo mmoja wa mwisho, kisha basi. Nilimwona siku hiyo akiupangusa mtambo wake kwa kitambaa cha miwani, nikaenda kulia stoo, kwenye nyaya.

Wiki mbili zilizopita simu ya ofisi ikaita.

"Tjeerd Haitsma hapa. Nasikia Wiebren anaacha. Anaacha nini hasa?"

"Kazi, Mzee," nikasema.

Umri wake ni miaka tisini na mmoja, nikadhani ameshaweka simu akaenda zake. Halafu akasema, "Jumanne nina nafasi. Saa tano. Mnapima kwenye tuta, siyo?"

Jumanne tukampitia. Alikuwa amesimama nje ya mlango wake kabla ya saa tano, amevaa ile kofia yake ya darajani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi nikawekwa kiti cha nyuma, pamoja na chupa ya kahawa. Wiebren akaufungulia wimbo wa mwisho. Kopo lake la mikate halikuwa limeguswa. Huyu ni mtu aliyepanda jukwaani mbele ya maelfu huku anamalizia mkate.

Mzee Tjeerd alisikiliza tuta zima akitazama mbele. Hakuhesabu nguzo, nilimchunga. Tulipokaribia mwisho akasema, "Ungeweza kuwa mbaya zaidi." Waliozaliwa huku wanajua kwamba kwetu hakuna sifa iliyo juu ya hiyo. Wiebren nusura atuingize majini.

Na hapo, Mungu shahidi wangu, taa nyekundu ikawaka na daraja likafunguliwa. Wiebren akazima. Lakini gari lake la sasa ni la umeme, muziki ukaendelea. Mzee Tjeerd akanyoosha mkono, akatafuta kitufe, akauzima mwenyewe.

Boti ikapita, na ndani yake bwana mmoja wa kaptula anakula mkate. Mzee akaifuata kwa macho.

"Siku ile boti ilikuwa imeshapita," akasema.

"Najua, Baba. Nimejiuliza miaka yote."

"Niliona gari lako. Ulikuwa huji nyumbani ila siku za kuzaliwa, na siku za kuzaliwa watu ni wengi. Mimi siwezi kutoka darajani. Nikaona nikuangalie kidogo."

Wiebren alimgeukia. "Baba, uliwasimamisha watu wote wale? Na lori la samaki?"

"Dereva alinipigia honi. Mtu wa hovyo."

"Kwa hiyo ule ukimya ulikuwa wako."

Mzee akafikiri, kwa sababu ni mtu wa haki. "Nusu ya kwanza ni ya boti."

Nilikuwa na kikombe mdomoni, kahawa ikanitokea puani. Wiebren hakucheka. Alikuwa anamtazama baba yake tu.

Mlinzi wa sasa, dada mmoja wa makamo, akaitambua kofia. Akashuka ngazi, akaja dirishani kumwamkia mzee. Mzee Tjeerd akamwonyesha kwa kidole gumba mtu aliyeshika usukani.

"Huyu mwanangu. Anastaafu Ijumaa ya wiki ijayo."

"Hongera! Alikuwa anafanya kazi gani?"

Mzee akaiweka kofia sawa.

"Muziki. Miaka thelathini na mitatu anafanya kazi, huyu. Bila kukosa siku. Ni kazi ngumu ile, usione hivi, inakula masikio."

Dada akatupongeza sote, mzee, mwana na mimi, akarudi kibandani kwake. Daraja likafungwa. Taa ikazimika. Wiebren hakuondoka. Alikaa pale na macho yamejaa, na nyuma yetu watu wakasubiri, wakasubiri, mpaka wa mwisho uvumilivu ukamwisha akapiga honi.

"Ondoa gari, mwanangu," akasema Mzee Tjeerd. "Mimi nilikuwa na ruhusa, wewe huna."

Hakuwa na ruhusa yoyote.

Wiebren, kwa niaba ya studio nzima, asante. Asante kwa nyimbo zilizofaulu, na hata kwa zile zilizofeli, maana ndizo zilizonipa hewa ya bahari. Tunaliombea sikio lako lipate utulivu, au angalau lijifunze kupiga filimbi inayoeleweka. Uishi kwa afya na furaha, na kopo lako lisikose jibini.

Jambo la mwisho. Usingoje tena siku ya kuzaliwa. Nimeshakuwekea miadi na baba yako, Jumanne ijayo saa tano, na Jumanne zote zinazofuata. Anasema kahawa itakuwepo, na biskuti moja. Nilimuuliza kama kwa mstaafu haziwezi kuwa mbili, akanijibu kwamba tusizoeane vibaya.