Siku Nilipoondoa Mtandio Mbele ya Kamera

Jina la Bwana liinuliwe, wapendwa. Nawasalimu ninyi tunaosali wote hapa Nyasho, Musoma, na ninyi wageni wetu mliotoka Bunda na Kibara. Naitwa Perusi. Wengi mnanijua kama yule mama mpiga picha. Leo nimeacha kamera kwenye kiti ili niwaeleze Mungu alinitoa wapi.

Nilikuwaga nakaanga samaki hapa hapa Nyasho. Sato, sangara, na furu wakipatikana. Nilikuwa mtu wa maneno mengi, wateja wangu walikuwa wanakuja kwa samaki na kwa kicheko pia. Jioni moja jiko liliyumba, karai la mafuta ya moto likanimwagikia. Sehemu hiyo sitaieleza sana. Nilitibiwa, nikapona. Lakini upande wa kushoto wa uso wangu, kuanzia jichoni hadi shingoni, ngozi ilirudi imekunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemka.

Ndugu zangu, kidonda kilipona, mimi sikupona. Nilihamia kwa dada yangu Ester, kule Iringo, nikajifungia ndani. Kioo cha chumbani nilikigeuza kikatazama ukuta. Nikilazimika kutoka, nilijifunga mtandio mpaka likabaki jicho moja. Niliombewa, nilifunga, nilimlilia Mungu aniondolee makovu. Kila asubuhi nilipapasa shavu, nikayakuta yapo. Nikaanza kuamini kwamba Mungu ana watu wake anaowasikia, na mimi simo.

Basi siku moja Mjomba Magesa akaja kutoka Bunda. Huyu ni kaka wa mama yetu, na kwa miaka mingi alipiga picha za harusi na kipaimara, mpaka mikono ilipoanza kutetemeka. Alikuja na kamera yake, ile kubwa ya lenzi ya kubadilisha. Mpira wa pembeni ulikuwa umebanduka, ameugandisha kwa gundi ya viatu. Kifuniko cha lenzi kilishapotea, ameivalisha soksi.

"Perusi, hii sasa ni yako," akasema.

"Mjomba, mimi na picha wapi na wapi? Mimi hata kutazamwa sitaki."

"Nani kasema utazamwe? Mwenye kamera ndiye anayetazama. Wewe umekaa humu ndani mpaka umesahau kutazama."

Alinifundisha pale barazani kwa dada. Aliniambia nisianze na watu, nianze na vitu visivyokimbia. Nikapiga sufuria na ndoo. Picha za kwanza zilitoka kama zimepigwa ndani ya moshi, nyingine nyeusi tii. Akanieleza kwamba lenzi ni kama jicho, kukiwa na giza unalifungua zaidi, na kwamba spidi ya kulifumba ikiwa ndogo hata pumzi yako inaharibu picha. Aliporudi Bunda nikawa namsumbua kwa simu. Mjomba, mbona uso wa Ester umekuwa mweusi? Ananiambia, umemweka mwanga mgongoni, mgeuze. Nikamgeuza, na kweli, nikamwona dada yangu kama sijawahi kumwona.

Baada ya sufuria nikahamia kwa kuku. Kuku hawatulii, ndio walionifundisha spidi. Halafu asubuhi moja nikajikuta nimefika ziwani, napiga picha akina mama wakianika dagaa kwenye mawe. Nilikuwa nimetoka nyumbani bila kujiuliza kama nitatoka! Huo ulikuwa mkono wa Mungu, wapendwa, ila sikuutambua. Na bado nilikuwa najificha. Kamera ilikuwa imekuwa mtandio wa pili.

Shemeji yangu, mume wa Ester, ana mama yake Butiama, anaitwa Bibi Nyangeta. Nyumba nzima haikuwa na picha yake hata moja, na umri umekwenda. Wakaniomba niende nao nikampige. Tulifika, nikamwamkia, nikaandaa kamera. Bibi akakataa.

"Jicho hili limeingia ukungu, meno yamekwisha. Mnataka picha ya nini?"

Mwanawe akambembeleza, akakataa. Halafu akanigeukia mimi.

"Na wewe mjukuu wangu, umejifunika hivyo, hapa kuna baridi gani?"

Ester akataka kunijibia, Bibi akamzuia kwa mkono.

"Niliungua, bibi," nikasema.

"Fungua nione."

Ndugu zangu, sijui nguvu ile ilitoka wapi kama si kwa Bwana. Nikaufungua mtandio. Bibi akanisogelea, akanitazama kwa jicho lake zima, akapitisha kiganja chake kwenye shavu langu taratibu.

"Ndiyo hii tu?" akauliza. "Basi njoo tukae wote. Mimi na jicho langu, wewe na shavu lako. Bila hivyo mimi sipigwi."

Kamera ile unaweza kuiamuru isubiri kidogo, halafu ijipige yenyewe. Nikaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, nikakimbia kukaa kando ya Bibi. Tukangoja. Bibi akaninong'oneza, "Mbona kimya? Na yenyewe imezeeka?" Tukaangua kicheko, na hapo hapo ikalia.

Niliogopa kuitazama ile picha. Nilipoitazama, niliwaona wanawake wawili wanacheka. Makovu yalikuwepo, wazi kabisa, na yule mwanamke alikuwa mimi, mzima. Nikalia.

"Imeharibika?" Bibi akauliza.

"Hapana, bibi. Imetoka vizuri."

"Sasa unalia nini? Nipige na peke yangu, nikae vizuri."

Kurudi Musoma sikujifunika. Watu walinitazama, nami nikawasalimia. Nyumbani nikakigeuza kile kioo.

Wapendwa, nilimwomba Mungu aniondolee makovu, akaniondolea aibu. Namshukuru. Namshukuru kwa ajili ya Mjomba, na kwa ajili ya Bibi, ambaye hata leo anawaambia wageni kwamba yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Ninaishi kwa kazi hii, na ninaipenda.

Jumamosi ninapiga harusi kule Kibara. Mama wa bwana harusi ametoka kuugua, amekonda, amesema hataki kuonekana kwenye picha hata moja. Nitafika mapema nikae naye kwanza. Mniombee. Na wewe unayenisikia, kama uliomba jambo na hukulipata, usimwache Bwana. Mwendee hivyo hivyo ulivyo, leo hii, naye atakaa kando yako. Amina.