Mwinyimadi bin Adamu na Mpira Aliomrushia Mkwewe

Ndugu waombolezaji, marehemu Mwinyimadi bin Adamu alizaliwa Mlandizi tarehe 2 Februari 1908, mtoto wa pili wa mzee Adamu na bibi Mwamini, akahitimu Kurani kijijini hapo, kisha akaingia shule ya serikali mwaka 1920, akatoka akijua kusoma, kuandika na, tusifichane, kujisifu.

Mwaka 1927 aliajiriwa katika shamba la mkonge huko Kibaha, kwa jina akiwa mkata mkonge, lakini kwa kweli akilipwa kurusha mpira wa kriketi, kwani meneja aliupenda mchezo huo kuliko mkonge wenyewe.

Jumapili tarehe 14 Juni 1931 timu ya shamba ilikwenda Kisarawe kucheza na watu wa boma, ikapata mbio, yaani alama, thelathini na moja tu, nao wa boma, kwa mkono wa marehemu, wakatolewa mmoja mmoja hadi wakabakiza mbio tatu za kushinda na mpigaji wa mwisho, mzee tarishi aliyeingizwa kujaza nafasi. Hapo ndipo ulimi ulipomponza marehemu, akamwambia mzee yule mbele ya watu kwamba jembe lingemfaa kuliko gongo la kupigia mpira, akarusha, vijiti nyuma ya mzee vikaruka na mchezo ukaisha, mzee akayumba, kofia ikamdondoka, na marehemu akacheza ngoma kuizunguka kofia ile vumbini. Mzee aliiokota, akaikung'uta, akaenda zake.

Shangwe hazijatulia, akafika mshenga wake, Mwishehe, akamwambia kuwa yule ndiye Mwinyijuma wa Msimbu, baba yake Biubwa, binti ambaye marehemu alikwisha kumposa, na marehemu hakuwahi kumwona mzee huyo kwa sababu posa yetu hupita kwa mshenga, mposaji hajipeleki ukweni.

Posa haikurudishwa, ndoa ikafungwa Msimbu Ijumaa tarehe 9 Oktoba mwaka uleule, bwana harusi akiwa ameinamisha uso tangu mwanzo hadi mwisho, na Mungu akawajalia Abeid, Zubeda na Mboni. Lakini mkono ule haukurusha tena hata jiwe la kufukuzia nyani, na kila Idi marehemu alimtuma mkewe na watoto Msimbu na mchele na kanga za mama mkwe, yeye akabaki nyumbani akisingizia kazi, kwa aibu, miaka kumi na minane.

Mzee Mwinyijuma alipofariki mwaka 1949, marehemu alikwenda kuzika, na shemeji yake Zahoro akamwambia, "Baba kila mgeni alimsimulia mpira wako kwa fahari. Kila Idi alikuwekea kiti, shemeji, akakaa anatazama njia." Tangu siku hiyo aibu ya uwanjani ikawa ndogo, ikaanza ile kubwa, ya kumsusa mtu aliyekuwa akimngoja.

Mwaka 1955 alishikwa na kifua, akatibiwa bila kupona, akafariki nyumbani Kibaha jana, Jumapili tarehe 3 Machi 1957, akiwa ameomba azikwe hapa Msimbu, miguuni pa mkwewe, mahali pa kukaa mtu mwenye adabu zake.

Familia inawashukuru waganga waliomhudumia, majirani wa Kibaha waliombeba njia nzima, wenzake wa shambani, na wana Msimbu waliochimba kaburi bila kuuliza lolote.

Pumzika kwa amani, Mwinyimadi. Umechelewa, lakini umefika.